Toa Thamostati, Weka Maji, Twende

Jamani, hebu niambieni, ni mtaa gani wa Dar es Salaam ambao ukipita Jumapili asubuhi hukuti boneti ya pikapu iko juu na migongo ya wanaume imeinama humo? Mbagala wapo, Tandika wapo, Kimara wapo, Gongo la Mboto ndiyo usiseme. Na boneti ikishafunguliwa tu, basi. Mwenye gari hajashika hata spana, watu wameshajaa. Anatoka muuza maji, anatoka dereva wa bodaboda, anatoka mwalimu mstaafu aliyekuwa anakwenda zake dukani kununua mkate, na kila mmoja kaja na ugonjwa wake. "Hiyo pampu." "Pampu wapi, nozeli hizo, sikiliza mlio." "Mimi nawaambia hewa imeingia." Anayepaza sauti kuwashinda wote ni yule ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Na cha ajabu, wallahi, mwenye gari anamsikiliza huyo huyo!

Mnh.

Sina ugomvi na mtu kutengeneza gari lake nyumbani. Tena namsifu. Pikapu kuukuu ndiyo gari la kulijua kwa mikono yako. Chukua Hilux za miaka ya 1980 na 1990, hizi za dizeli tunazobebea mchanga, matofali, mkaa na samani za maharusi. Ukifungua boneti unaona mpaka ardhi chini. Hakuna kompyuta wala vifuniko vya plastiki vya kukuficha mambo. Stata unaifikia, alteneta unaifikia, mikanda yote hiyo hapo. Ukiwa na spana namba 10, 12, 14 na 17 umeshafika mbali sana, maana Mjapani hakutaka kututesa na namba nyingi. Mtu anayejua kumwaga oil yake, kutoa hewa kwenye dizeli na kurekebisha breki za nyuma chini ya mwembe wake, huyo haibiwi na mtu. Kinachonisonyesha ni kingine. Tumepata gari linalosamehe, basi tumelifanya punda wa kukopesha msamaha kila siku, mpaka siku linapokataa tunapiga mayowe kwamba limetusaliti.

"Hilux haifi." Loo! Maneno mawili haya yameua Hilux nyingi kuliko mashimo ya barabara zetu. Vijana wameiona ile video ya Uingereza kwenye simu, na kila wiki anakuja mmoja kijiweni kuisimulia upya kwa mikono na miguu. Ni kweli, haikuwa uongo. Mwaka 2003 watangazaji wa Top Gear walichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, wakaiacha baharini maji yakaifunika, wakaiangushia karavani, wakaichapa na lile tufe la chuma la kubomolea nyumba, wakaitia moto, na mwisho wakaipandisha juu ya jengo refu la ghorofa lililokuwa linaangushwa kwa baruti. Jengo likaanguka na gari juu yake. Wakalitoa kwenye kifusi, likawaka. Likapelekwa kwenye makumbusho ya magari kule Beaulieu, watu wakawa wanalipa kiingilio kulitazama.

Sasa kijana akifika hapo anapiga makofi, na sisi wote tunapiga makofi. Lakini kuna kipande anakiruka kila siku, nami kila siku namkumbusha. Kwenye kila balaa palikuwa na fundi. Sharti lilikuwa asitie spea mpya, atumie vifaa vya kawaida tu, lakini fundi alikuwepo. Alikaa nalo baada ya bahari akatoa maji, akasafisha, akafunga, ndipo likawaka. Halikujifufua lenyewe! Na lile liliteswa siku chache mbele ya kamera. Haya ya kwetu yanateswa tangu enzi za Mkapa, bila kamera na bila fundi, halafu tunataka yawake kwa jina la video ya watu wengine.

Twende kwenye thamostati, maana hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Jirani yetu mmoja, muuza matofali, pikapu yake ilianza kuchemka. Ikipanda kilima na mzigo, mshale wa joto unapanda nao. Akaita fundi. Fundi akaja na spana mbili mfukoni na sigara sikioni. Hakugusa rejeta, hakutazama feni, hakuuliza maji yanapungua au hayapungui. Alisimama, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitabibu, akatoa hukumu: "Thamostati hiyo. Joto letu hili haihitajiki, hiyo wamewekewa watu wa baridi." Akafungua boliti za ile shingo ya bomba, akakitoa kidude chenyewe, kinaenea kiganjani, akakitupa kwenye majani. Kazi imekwisha, leta hela.

Khaa! Nani aliwafundisha hivi? Kile kidude kina nta ndani yake. Injini ikifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inasukuma mlango mdogo, maji yanapita kwenda kupoa kwenye rejeta. Injini ikiwa ya baridi mlango unafungwa ili ipate moto haraka. Ukikitoa, injini inatembea nusu baridi asubuhi nzima. Dizeli haiungui vizuri, moshi unazidi, mafuta yanaliwa, oil inachafuka mapema, silinda zinalika. Na ukiingia foleni ya Buguruni saa nane mchana na tofali mgongoni, inachemka vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa pale! Ni sawa na kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu kuku wa jirani wanaingia dirishani. Mtu akiishuku thamostati, aipime. Chukua sufuria ya zamani, tia maji, kitumbukize humo, washa jiko. Ukikaa ukitazama utaona maji yanaanza kutoa vipovu pembeni, na kabla hayajatokota ule mlango unajivuta taratibu, unaacha upenyo wa kupitisha ncha ya kidole. Ukifunguka hivyo, kizima, kirudishe. Usipofunguka, nunua kingine. Jambo la robo saa, na mke wako hatagombana nawe kama sufuria utairudisha ilipokuwa.

Ugonjwa wa yule bwana ulikuwa kwenye rejeta, na ungeonekana kwa macho. Alikuwa anatia maji ya kisima. Nyinyi mnaokaa Dar mnayajua maji ya visima vyetu vya huku pwani, chai yake haihitaji chumvi. Maji hayo ndiyo ameyanywesha injini miaka na miaka. Ukifungua kifuniko unakuta tope jekundu. Vijibomba vya rejeta vimeziba, kutu imeota mpaka kwenye njia za maji za injini. Kulenti ya kijani iko dukani, inauzwa kwa galoni, inazuia kutu, na maji yake hayachemki upesi. Asiyeweza kununua kulenti, basi atie hata maji ya mvua. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaendelea na maji ya kisima na bila thamostati, mpaka siku moja mshale ukagonga juu kabisa. Na yeye, kwa kuwa anawahi pesa ya mteja, akaona amalizie safari kwanza.

Yarabi. Hizi injini za Toyota za ukoo wa L, 2L na 3L, kila fundi mwenye mvi anajua udhaifu wake, nao ni hedi. Ukiichemsha, inapinda au inapasuka kati ya valvu. Kesho yake ukifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa inaunguruma unaona mapovu yanapanda, gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Ukichomoa kijiti cha oil, oil imekuwa nyeupe-nyeupe ina povu. Hapo huna tena mazungumzo ya spana mbili. Ni kushusha hedi, kuipeleka kwa wenye mashine wakaipime na kuiskimu, gasketi mpya, boliti, na ikiwa imepasuka ni kutafuta nyingine Shauri Moyo pale Ilala, ukiomba Mungu usiuziwe ya mwenzako aliyeichemsha kabla yako. Matofali aliyouza mwaka mzima yakaingia kwenye hedi. Na yule fundi? Alipita siku ile ile na sigara yake, akasema, "Nilijua tu."

Halafu kuna watu wa taa.

Pikapu hizi za dizeli zina taa ndogo kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Inawaka gari likishatembea kilomita 100,000 kukwambia mkanda wa taiming umefikia zamu yake. Mkanda huo ni wa mpira, uko mbele ya injini ndani ya kifuniko chake, ndio unaozungusha kamshafti ya valvu na pampu ya dizeli kwa kipimo kimoja na krankshafti. Ukikatika safarini, pistoni zinapanda na kugongana na valvu zilizobaki wazi. Sauti yake ukiisikia mara moja inakutosha. Toyota wakaona watuhurumie, wakatuwekea taa. Sasa Mswahili mwenzangu taa inamuudhi! Inamkodolea macho usiku akiendesha. Afanye nini? Akaagiza mkanda? Aa-aa. Akachukua solotepu nyeusi ya umeme akaibandika juu ya taa. Mwingine akaenda mbali zaidi, akafungua dashibodi nzima kwa kazi ya nusu siku, akang'oa globu. Nusu siku! Kwa muda huo huo mkanda ungekuwa umeshafungwa na beringi ya tensheni juu yake.

Tena na hawa wanaonunua pikapu ya mkononi wakiambiwa "mkanda ulibadilishwa juzi tu", wanaamini. Ndugu yangu, juzi ipi? Kama muuzaji hana risiti wala mkanda wa zamani wa kukuonyesha, hesabu kwamba haukubadilishwa, uununue siku hiyo hiyo.

Lakini hayo ya hedi na mikanda ni hasara ya mfuko. Kinachonitia hofu ya kweli ni jeki. Hapa sitaki mtu anicheke. Mtaani kwetu watu wanaingia chini ya pikapu iliyoshikwa na jeki moja na tofali la mchanga na saruji limesimamishwa wima! Tofali hilo hilo ambalo likianguka kutoka kiunoni linavunjika vipande. Gari la zaidi ya tani moja liko juu yake, na miguu ya baba wa watoto inachomoza chini. Mtoto anapita anakimbiza tairi, anagonga bampa. Jamani! Mbao nene za mninga zipo, rimu za tairi zilizolazwa zipo, stendi za chuma mchomeleaji wa kona anazitengeneza ukimpelekea vyuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari likishanyanyuka linakaa juu ya kitu kisichopasuka, na magurudumu yaliyobaki chini yanazibwa mbele na nyuma kwa kabari. Ndipo uingie.

Na kabari hizo watu wanaziona mapambo. Kuna bwana mmoja alitaka kubadilisha krosi ya propela shafti. Krosi ilikuwa inalia ngwee-ngwee kila akiondoka, basi akaamua Jumapili aifunge mwenyewe. Vizuri sana. Mahali alipoegesha pana mteremko kidogo, lakini aliitia gia namba moja, akaridhika. Akaingia chini, akafungua boliti nne za kwenye difu. Mtaa mzima ulikuwa unatazama na hakuna hata mmoja wetu wanajopo wa boneti aliyefungua mdomo, maana jopo wakati huo lilikuwa linabishana Simba na Yanga. Sasa fikiri. Gia inashika gari kwa kupitia shafti ile ile aliyokuwa anaifungua. Boliti ya mwisho ikitoka, gia haishiki kitu. Hendibreki yake ilikatika waya zamani, akawa anaichukulia hendibreki kuwa ni ya kuonyesha trafiki. Shafti ikashuka kifuani mwake, na pikapu ikaondoka zake polepole, kwa adabu, ikampita juu bila kumgusa, yeye amelala chali ameshika shafti anatazama mbingu. Ikateremka, ikaingia kwenye genge la mama muuza nyanya, ikasimama katikati ya matenga. Nyanya za watu! Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, Mungu mkubwa. Bwana akalipa matenga yote, na deni la nyanya lilikuwa kubwa kuliko bei ya krosi, waya wa hendibreki na kabari kwa pamoja. Hendibreki hajatengeneza mpaka leo. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali, ananiambia siku hizi anaegesha tambarare.

Ukitaka kuujua moyo wa mwenye pikapu, mtazame anachonunua na anachookoteza. Kwenye ncha ya stelingi pana nati inayozuiwa na kota pini, kijichuma cha bei ya pipi. Chungulia chini uone, ni msumari! Msumari wa inchi mbili umekunjwa kwa nyundo. Bushi za springi zimechongwa kwenye tairi bovu. Bomba la breki limefungwa na mpira wa baiskeli, na kwenye kichupa cha breki wametia oil ya hidroliki kwa sababu "zote ni mafuta", mpaka mipira ya ndani imevimba, breki zinashika zenyewe na ngoma za nyuma zinatoa moshi. Halafu hebu inua macho. Redio mpya ina taa za rangi, spika mbili nyuma ya kiti zinatetemesha kioo, honi ya kulia sauti tatu, na ubavuni maandishi ya dhahabu MUNGU NDIYE KINGA. Amina, ni kinga yetu sote. Lakini kota pini, jamani!

Dizeli nayo nisiiache. Tuliotangulia tunakumbuka miaka ile ya uchakachuaji, wakati mafuta ya taa yalikuwa rahisi na wajanja wakayachanganya kwenye dizeli mpaka EWURA ikaanza kuyatia mafuta alama maalumu mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife. Pampu ya injini hizi haina oil yake yenyewe, inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Ukiipa mafuta ya taa inakauka, inajikwangua, ndiyo basi tena. Pampu ngapi zilikufa kipindi kile! Na leo, pamoja na hayo yote, bado mtu anasimamisha pikapu kando ya njia ananunua dumu la mtu asiyemjua, kwa kuwa limepunguzwa bei kidogo. Limetoka wapi? Lina nini chini?

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, fundi mitambo mstaafu, huyo nampa shikamoo kwa dhati. Pikapu yake ni ya rika moja na hizi zote, rangi imepauka, redio haina. Kila mwisho wa wiki analegeza kile kiskurubu cha chini ya filta ya dizeli, anakinga kwa chupa tupu ya soda, anaiweka juu ya ukuta kwenye jua. Ukisogea unaona mwenyewe, dizeli imebaki juu, na chini kabisa maji yamejikusanya yakiwa na uchafu mweusi, ukiinamisha chupa yanateleza peke yake. Anamwaga, anakaza, anabonyeza kile kipampu cha mkono mpaka kiwe kigumu, anawasha. Inashika hapo hapo. Ana daftari la shule, ameandika kilomita za kila oil, na kila 5,000 anamwaga ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo, filta mpya palepale, wala haioshi ya zamani na petroli akairudisha. Vijana wanamcheka. "Babu, gari kuukuu hivi la nini daftari?" Na pikapu zao zinasukumwa kila asubuhi, wao wakiwa nyuma yake, viatu vya ofisini miguuni.

Kilichobaki kusema juu ya mzee huyu ni bomba lake la grisi. Ndilo pekee katika mtaa mzima. Krosi, bushi za mbele na ncha za stelingi vyote vina vichuchu vya kutia grisi, na grisi kopo moja linakaa miezi. Kwa hiyo wanakuja kuazima. Hata yule wa nyanya aliazima. Mzee hajui kumnyima mtu. Sasa bomba lilitoka tangu kabla ya Ramadhani, likaenda kwa wa mkaa, wa mkaa anasema alimpa wa matofali, wa matofali anasema lipo kwa shemeji yake Chanika, na shemeji hapokei simu. Mzee anazunguka nyumba kwa nyumba kuulizia kitu chake, na pikapu yake, ambayo ndiyo peke yake iliyokuwa nzima, imeanza kulia krosi. Aliyenalo alirudishe. Tunamjua.